Sharti Waliloliweka Columbus

Eliakunda alizaliwa Louisville, majira ya baridi, wakati baba yake Laurent hajapata hata koti la maana. Mimi ndiye niliyempeleka mama yake hospitali, kwa gari langu bovu lililokuwa likizimika kwenye kila taa nyekundu, na mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Kwa hiyo nikisema namjua mtoto huyu, nisibishiwe. Naitwa Clara. Watanzania wa hapa wanasema nina mdomo, na hawajakosea.

Daktari alimtazama mara moja akasema ni wa kiume, ikaandikwa hivyo kwenye cheti cha Kentucky, tukamshukuru Mungu. Jina alipewa la bibi yake mzaa baba, maana kwetu Eliakunda ni jina la yeyote, mwanamume kwa mwanamke. Hajaanza hata kusimama, wakagundua ana selimundu, siko seli kama tunavyoiita. Utoto wake wote ulikuwa hivyo: vidole vinavimba, mifupa inawaka moto, tunakimbia hospitali, anawekewa maji na dawa, tunarudi nyumbani. Mama yake, Ernestina, alikuwa akiogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea, na mara nyingi alitoka zamu akaenda moja kwa moja kukaa kando ya kitanda cha mwanawe, bado amevaa nguo za kazi. Mtoto mwenyewe hakuwa mlalamishi. Akizidiwa na maumivu aliimba zile nyimbo za shule ya Jumapili nilizomfundisha, kwa sauti ya chini, akikosea maneno.

Kwamba ni msichana, alimwambia mama yake akiwa sekondari. Ernestina akalia, akanipigia simu, nami nikalia, kisha nikaacha, maana nilitazama huku na huku nikaona hakuna aliyekufa. Laurent hakuna aliyemwambia. Yeye aliendesha foklifti kwenye ghala moja kule Jeffersontown, mtu wa maneno machache na ibada nyingi. Jumapili moja Kunda, ndivyo tunavyomwita kwa kifupi, alitoka chumbani amevaa gauni la kwenda kanisani. Baba mtu akamtazama, akachukua funguo, akaenda kazini siku ambayo hakuwa na zamu.

Hawakufukuzana. Kwetu hatufukuzi watoto, tunawazunguka tu. Laurent alikula meza moja na mwanawe kwa miaka bila kumwita chochote. Akitaka chumvi alimwomba Fides, mdogo wake Kunda, hata kama chumvi iko mkononi mwa Kunda.

Kunda alipokuwa mtu mzima akajifunza kuchomelea vyuma, na alikuwa fundi kweli. Lakini Louisville ilimchosha. Kila alipoonyesha kitambulisho ilikuwa kesi: sura ya mwanamke, karatasi ya mwanamume, na mtu wa dirishani anaita mwenzake aje aone. Akasikia jimbo la New York wanabadilisha leseni kwa neno lako mwenyewe, bila kuuliza kilichomo ndani ya nguo. Akahamia Buffalo. Wenye siko seli wote ninaowajua wanakimbia baridi, yeye akaifuata hadi inakolala. Alipanga chumba Kenmore, akapata kazi kwenye kiwanda cha matangi huko Tonawanda, akapata na leseni yenye herufi aliyoitaka. Mahakama ya huko ikamruhusu aongeze jina la mama yake, akawa Eliakunda Ernestina. Na kila theluji ilipoanguka, damu ilimgandia na mifupa ikamlipukia, akalazwa, akatoka, akarudi kuchomelea. Nilimgombeza sana. Aliniambia, "Mama Clara, hapa nikiumwa naumwa kwa jina langu."

Mwaka huu Fides akaposwa, na sendofu ya kumuaga ikapangwa kufanyika Louisville. Msomaji anajua sendofu zetu: chakula, muziki, zawadi, lakini uti wa mgongo ni utambulisho. Baba wa binti anasimama na kipaza sauti, anaita watoto wake mmoja mmoja mbele ya ukoo na wageni wote, huyu ni nani na huyu ni nani, na kila anayeitwa anasimama anapungia watu. Ukishatambulishwa pale, umetambulishwa. Kunda akaandika kwenye kundi la familia kwenye simu kwamba ana ombi moja tu: siku hiyo baba amtambulishe kuwa binti yake wa kwanza. Kama haiwezekani, atabaki Buffalo, na hatakuwa na kinyongo.

Siku nzima kundi likajaa picha za sare za sherehe. Kisha Cosmas, mdogo wake Laurent, akaandika kwamba jambo hili linahitaji kikao.

Cosmas anaishi Columbus, ni mhasibu, na ndiye mwenyekiti wa kila kitu. Harusi, kipaimara, msiba, kikao cha kupanga kikao, mwenyekiti ni Cosmas. Si mtu mbaya. Ugonjwa wake ni kwamba hawezi kulala kama watu wawili wamekasirikiana, basi anang'ata huku akipuliza hadi wote wawili wanatoka wakidhani wameshinda. Columbus pia iko katikati ya njia, sisi tunapanda kutoka Louisville, Kunda anashuka kutoka Buffalo. Tukakutana sebuleni kwake Jumamosi mchana. Mkewe alikuwa amepika mtori. Cosmas akafungua kwa sala, akasimama ndani ya nyumba yake mwenyewe kana kwamba yuko bungeni, akasema kila mtu atapewa nafasi.

Laurent akaanza. "Mimi sina ugomvi na mtu. Aliyeandika ni Mungu. Mimi ni nani nifute?"

"Shemeji," nikasema, "Mungu hakuandika kile cheti. Aliandika daktari, tena kwa haraka, zamu yake ilikuwa inaisha. Nilikuwepo."

"Shemeji Clara, subiri nafasi yako," Cosmas akasema.

Fides hakusubiri. "Baba, tangu nina akili huyu ni dada yangu. Alinisuka nywele, alinifundisha kuvaa pedi kwa kusoma maelekezo kwenye boksi. Nyie mnabishana nini?"

Laurent akatazama mikono yake. Ndipo Cosmas akatoa simu, akavaa miwani, na kwa kweli alichokisema kilikuwa na mantiki ya aina yake. Alisema jambo lolote zito lina mpaka. Ardhi ina mpaka, ndoa ina mpaka. Kama kila mtu atajitangaza tu kwa mdomo, kesho tutamwamini nani? Lazima kuwe na kitu kisichorudi nyuma, ndipo watu wajue mtu hakufanya mchezo. Akatusomea kwamba Kentucky, alikozaliwa Kunda, cheti cha kuzaliwa hakibadilishwi mpaka daktari aape kwamba jinsia imebadilishwa kwa upasuaji, na mahakama iwe imetoa amri ya jina. "Jina analo tayari," akasema. "Mimi napendekeza tusimhukumu mtoto kwa akili zetu. Tufuate sheria ya alikozaliwa."

"Nawe nani alikukagua, shemeji?" nikamuuliza. "Hapa wote tunakuita mwanamume. Mimi binafsi sijawahi kuona ushahidi."

Mkewe akacheka akaziba mdomo. Cosmas akasema hayo ni mambo mengine.

Kunda alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, amejifunga mtandio, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Akaongea Kiswahili chake kile cha Louisville, polepole. "Baba mdogo, huo mpaka unaosema, umeuweka ndani ya mwili wangu. Mimi na mwili wangu tulishapatana. Sikuwa naomba kisu. Na damu yangu mnaijua, mimi kulazwa usingizi wa operesheni ni hatari. Na nikikatwa, sizai tena. Nilikuwa nafikiri siku moja, labda."

Ernestina aliinua uso aliposikia neno kuzaa, akauinamisha tena.

"Tunaelewa, mama," Cosmas akasema, na hilo "mama" alilitoa kwa ulaini kama sukari ya kuteremshia kwinini. "Hakuna anayekulazimisha. Tunasema tu, mlango uko wazi. Siku ukikamilisha, sisi tutakutambua. Kaka, au siyo?"

Sote tukamgeukia Laurent. Akasema, bila kumtazama Kunda, "Akifanya, nitamtambulisha."

Cosmas akafunga kikao kwa sala. Watu wakapumua, mtori ukapakuliwa, mtu akawasha televisheni.

Sasa nieleze, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Sisi watu wetu hatusemi hapana. Kumwambia mtu hapana usoni ni kumvua nguo. Tunamwekea sharti tunalojua hatalifikia, naye kwa adabu yake anaelewa, anashukuru, anakula, anaondoka. Kijana wa kwanza aliyemtaka Fides aliambiwa na huyu huyu Cosmas, "Malizeni kwanza shahada ya pili, mje." Yule kijana alikuwa amezaliwa Moshi, akaelewa, akaoa kwingine mwaka huohuo. Ukiomba gari la mtu unaambiwa likitoka gereji. Na gari liko pale nje, unaliona, unasema haya, asante. Ndivyo tunavyoishi bila kuchinjana. Pale sebuleni, kila mtu mzima alijua kwamba mtoto mwenye siko seli hawezi kwenda kwenye kisu, na kwa hiyo kila mtu mzima alijua kwamba jibu lilikuwa hapana. Cosmas alikuwa amefunika kombe ili mwanaharamu apite.

Lakini Kunda amezaliwa Louisville. Amesoma kwa walimu wanaokwambia ukifanya hiki utapata kile, na ukifanya wanakupa kweli.

Nilimfuata nje kwenye gari lake. Nikamwambia waziwazi, "Mwanangu, wamekukatalia. Lile halikuwa sharti, lilikuwa hapana iliyovaa suti."

Akanitazama kwa mshangao, hata kwa huruma, kama vile mimi ndiye nisiyejua lugha. "Mama Clara, wamesema mbele ya watu wote. Baba amesema kwa mdomo wake. Ameongea na mimi." Akafungua mlango wa gari. "Si wewe uliyenifundisha kwamba ahadi ni deni?"

Nilimwambia ahadi nyingine ni upepo. Akanikumbatia, akaondoka kurudi Buffalo.

Baada ya wiki kadhaa, sendofu ikiwa bado haijafika, akanipigia akiwa na furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake. Amepata daktari. Operesheni yenyewe si ile kubwa, ni ndogo, ya kuondoa korodani tu, na daktari amekubali kuapa kwamba inatosha. Wangembadilishia damu kwanza ili kupunguza hatari. Daktari wa damu hakupenda, alimuuliza mara tatu kama anaitaka kweli, na yeye alijibu ndiyo. Nikamuuliza, "Unaitaka?" Akasema, "Ninamtaka baba asimame na kile kipaza sauti." Nilikata simu nikapiga kofi ukuta wa jikoni hadi mkono ukavimba.

Nikampigia Laurent. Nikamwambia aondoe lile neno, ampigie mwanawe amwambie hapana ya kweli ama ndiyo ya kweli, moja kati ya hizo. Akasema, "Hatafanya." Nikampigia Cosmas, akasema, "Ataahirisha tu, shemeji, unajua vijana." Ernestina alimpigia Kunda kila siku. Kila siku alidhamiria kumwambia asiende, na kila siku aliishia kumuuliza kama amekula. Hakuna hata mmoja aliyeweza kutamka kwamba lile sharti lilikuwa la uongo, kwa sababu kulitamka kungekuwa kukosa adabu. Waliogopa kumkosea adabu.

Operesheni ilikwenda salama. Alinipigia akiwa amelala, sauti imelewa dawa, akasema, "Daktari ameshatia sahihi, mama Clara. Mwambie baba." Nilimwambia baba. Laurent alikuwa anaosha gari. Aliendelea kuosha mahali pamoja, palepale, muda mrefu.

Kabla wiki haijaisha, akapiga simu Umwali, Mrundi jirani yake Kunda pale Kenmore. Alisema kifua kilimbana Kunda alfajiri, akamkimbiza hospitali, na huko huko upande mmoja wa mwili ukalegea. Kiharusi. Damu iliyoganda imepanda kichwani. "Mje," akasema Umwali. "Mje wote."

Tulitoka Louisville kabla ya saa nne asubuhi. Fides aliendesha, Laurent akakaa mbele, mimi na Ernestina nyuma. Ernestina alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wenye ndizi na chupa ya chai, akaushika vile safari nzima, hakunywa wala hakuufungua. Columbus tukamchukua Cosmas. Alibanana nasi kiti cha nyuma na suti yake. Tulipokaribia Cleveland ndipo akasema, taratibu, kama anayejitetea mbele ya hakimu, "Lakini mimi nilijua hataweza. Ndiyo maana nililiweka lile sharti. Nilimlinda."

Fides akawasha taa ya pembeni, akaegesha gari kando ya barabara kuu, malori yakipita yakitutikisa. Akageuka. "Baba mdogo, ukisema neno jingine nakushusha hapa." Angemshusha. Kisha akarudisha gari barabarani, tukaenda hadi Buffalo.

Hospitali ilikuwa na joto na harufu ya sabuni. Laurent alitangulia mapokezi. Yule dada wa mapokezi alimuuliza amekuja kumwona nani. Akasema amekuja kumwona kijana wake wa kiume, Eliakunda, akataja na jina la ukoo. Dada akatafuta kwenye kompyuta. Akasema samahani, hana mwanamume wa jina hilo. Yupo mwanamke, yuko chumba cha wagonjwa mahututi, na huko wanaingia ndugu wa karibu tu. Akamtazama Laurent usoni, si kwa ubaya, akamuuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nilikuwa nyuma yake kabisa.

"Ni binti yangu," Laurent akasema. "Mimi ni baba yake. Ni binti yangu."

Dada hakuomba cheti. Hakuuliza habari ya kisu wala kiapo. Alimpa karatasi ya kubandika kifuani, akamwonyesha lifti, akamwambia pole. Yale maneno, binti yangu, yalichukua muda wa mtu kuvuta pumzi, na hayakumpunguzia Laurent kitu chochote. Niliyasikia, nikamchukia shemeji yangu huyu pale pale kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na wakati huohuo nilitaka kumshika mkono.

Kunda alikuwa amelala macho wazi. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, mkono wa kulia, mkono wake wa kazi, umelala juu ya shuka. Ernestina akaenda kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda, akakaa kama alivyozoea kukaa tangu zamani. Cosmas alibaki mlangoni. Laurent akainama hadi uso wake ukakaribia wa mwanawe, akasema kwa Kiswahili, "Eliakunda. Binti yangu. Baba yako nimekuja. Binti yangu wa kwanza."

Kunda alitazama midomo ya baba yake ikicheza. Aliitazama kwa makini, kwa heshima, kama mgeni anayezungumziwa na wenyeji kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia. Hakukuwa na kitu machoni pake, furaha wala hasira.

Daktari aliyekuwapo, mama wa makamo, alitueleza taratibu. Alisema sauti anaisikia, masikio ni mazima. Sehemu ya ubongo inayopokea maneno ndiyo iliyokosa damu. Watu anaweza kuwajua kwa sura, lakini maneno yamekuwa makelele tu kwake, Kiingereza na Kiswahili sawa. Baadhi huenda yakarudi kwa miezi mingi ya mazoezi, asingependa kutudanganya.

"Hata neno moja?" Laurent akauliza.

"Kwa sasa, hata moja," daktari akasema.

Laurent akatingisha kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha akainama tena, akasema, "Binti yangu." Akasubiri. Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, kama tunavyofanya kwa wazee wasiosikia vizuri, na tena, hadi nesi akaja kuchungulia na wagonjwa wa chumba cha pili wakaanza kusogea vitandani. Nilimgusa bega nikamwambia, "Shemeji, punguza sauti." Hakupunguza. Kunda alifumba macho, nadhani kelele zilikuwa zinamuumiza kichwa.